Tisa Iliyogeuka

Tangu mabomba ya mji wa Taiz, Yemen, yakauke kwa vita, foleni ya maji haikuwa tena ya watu, bali ya madumu. Dumu likisimama, mwenyewe yupo. Aliyeanzisha utaratibu wa namba katika mtaa wao ni Mwalimu Nabiha: kila alfajiri alipita na chaki, akaliandikia kila dumu nafasi yake, na ugomvi ukapungua. Mwenyewe hakujipendelea. Siku hiyo alichelewa, akajiandika thelathini na moja.

Kilichomchelewesha ni mama yake, aliyekuwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa, mgongo umeanza kufanya vidonda, na siku ya nne hiyo hajaoshwa. Nyumbani palibaki maji ya kumezea dawa tu.

Alikwenda mbio kumgeuza mgonjwa. Aliporudi, lori lilikwisha kulijaza tangi la sabili, la maji ya sadaka, na kuondoka, bomba limefunguliwa, na dumu lake halipo mahali pake. Alilikuta mbele, namba yake imefutwa, limeandikwa tisa. Na tisa yenyewe imegeuka, imetazama kusikopaswa.

"Nani amechezea namba?" alifoka.

Ghalib, aliyeshika mpira wa maji, akacheka. "Mwalimu, umepandishwa darasa bila mtihani, na bado unanung'unika?"

"Sitaki mzaha! Leo nikiruka mimi, kesho utaruka wewe, keshokutwa tutarudi kupigana mawe."

"Liache hapo hapo, mwanangu," alisema Bi Shamsiya, jirani yake wa ghorofa ya chini, aliyekuwa amechuchumaa ukutani. "Dumu halina kosa."

"Hata wewe, Bi Shamsiya?"

Nabiha aliifuta ile tisa kwa ncha ya shela, akalikokota dumu hadi mkiani. Pale thelathini na moja alilikuta dumu la buluu la Bi Shamsiya, halina namba. Akazidi kuwaka, akalibeba hilo nalo, akalirudisha mbele, nafasi ya tisa.

Bi Shamsiya akafumba macho. "Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," Ghalib akamalizia.

Bomba lilianza kukohoa kwenye dumu la ishirini na sita. Ghalib akaupigapiga mpira, akaunyonya, akatema kutu. Basi. Lori jingine ni baada ya siku tatu, labda nne.

Nabiha alisimama mbele ya dumu lake kavu. Aliwachukia waliokata mabomba, akalichukia lori, akaichukia hata chaki iliyokuwa mfukoni mwake. Angemwambia nini mama?

"Ulikuwa umepata, Mwalimu," Ghalib alisema, safari hii bila kicheko. "Bibi wa watu alikuachia nafasi yake. Mwezi mzima anajifunza kuandika kwa kutazama namba zako kwenye madumu. Ile tisa ndiyo ya kwanza kuiandika maishani mwake. Nawe umeifuta."

Bi Shamsiya alikuwa anakuja, akiliburura dumu la buluu.

"Fungua kifuniko."

"Bi Shamsiya, lakini wewe..."

"Mimi nina kuku wawili, na kuku hawaogi. Fungua, usinipe somo."

Maji yakaingia hadi nusu. Mwanamume mmoja wa mbele akaongeza kopo moja, akaenda zake bila hata kumtazama.

Adhuhuri hiyo mama alioshwa. Maji yaliyotumika hayakumwagwa. Yaliwekwa ya chooni. Nabiha aliinama juu ya beseni, bado ana hasira, na hakujua tena anamkasirikia nani.

Alfajiri iliyofuata hapakuwa na lori, wala habari ya lori. Hata hivyo madumu yalisimama. Nabiha alipita na chaki yake, na alipofika kwenye dumu la buluu, akampa Bi Shamsiya chaki.

"Wewe wa tisa tena. Andika mwenyewe."

Bibi akaandika polepole, ulimi nje. Tisa ikageuka vilevile.

"Sawa?" akauliza.

Kidole kilimwasha Nabiha, lakini hakuifuta.

"Imegeuka," alisema. "Lakini inasomeka."