Nilivyompakia Mama Mboni Nimevaa Kilti

Usiku wa jana niliota napanda milima ya Lushoto kwa baiskeli, nimevaa kilti, ile sketi nzito ya miraba wanayovaa wanaume wa Uskoti. Sikuona ajabu yoyote. Nilikuwa naenda kuposa, na mtu akienda kuposa huvaa kilicho kizuri.

Posa yenyewe ni ya kweli, si ya ndotoni. Mimi ni mwoka mikate wa Korogwe, naitwa Sufiani, na nampenda Mboni mpaka naunguza mikate ya watu. Mama yake ni mjane, anakaa huko Lushoto, na tangu wazee wangu wapeleke posa hajasema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba kijana mwenyewe hajamwona. Kwa hiyo hata usingizini nilijua safari hii si ya mchezo.

Magoti yangu ndiyo yaliyoanza kuzungumza. Hayakuwa yameona jua tangu nilipovua kaptula ya shule ya msingi, na sasa yalikuwa yanapokezana kwenda juu, kila moja likirudi chini linalisimulia lenzake. La kulia lilisema limeona shamba la kabichi. La kushoto likasema huo ni uongo, likapanda, likaliona, likaomba radhi.

Kilti ikatukatiza kwa sauti ya karani aliyechoka. Ikasema ina sheria moja tu: anayeivaa haruhusiwi kuwa na kitu kingine ndani. Nikasema nimesikia. Papo hapo nguo yangu ya ndani ikatoweka, jambo ambalo nililitarajia, kisha chai na mihogo ya asubuhi navyo vikatoweka tumboni. Nikaendelea kupanda nikiwa mwepesi kama gunia lililokwisha unga, na furaha niliyokuwa nayo sikuweza kuificha.

Kona iliyofuata ilikuwa ndani ya tanuri langu la Korogwe. Nikapita katikati bila kuungua, mikate ikasogea kunipisha, na mlango wa upande wa pili ukafunguka juu kabisa ya mteremko unaoshuka nyumbani kwa Mama Mboni.

Hapo Upepo ananisubiri. Ni bwana wa makamo mwenye koti la mvua, kofia ameishika mkononi kwa adabu. Namwamkia shikamoo, maana amenizidi umri.

"Marahaba," anasema. "Naomba nikuinulie hiyo nguo kidogo. Ni kazi tu, usiliweke moyoni."

Namweleza kwamba kule chini yuko mama wa mchumba wangu, na kwamba mbele ya mkwe mtu huona haya hata kumenya ndizi, sembuse kuonyesha mapaja. Anasikitika kwa dhati. Anasema basi atainua taratibu.

Naachia. Baiskeli inashuka. Nikishika kilti kwa mkono mmoja, usukani unaelekea mfereji. Nikishika usukani kwa mikono miwili, kilti inapanda. Nikipunguza mwendo, baiskeli inabaki wima na badala yake nyumba za watu zinaanza kuanguka. Moja imeshalala ubavu, na mwenye nyumba ananiomba kwa upole nikanyage pedeli. Nakanyaga, nyumba inasimama. Magoti yanashangilia. Nami, Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi hivi, huku posa yangu inapeperuka nyuma yangu waziwazi.

Katikati ya barabara, na ungo wa maharage mkononi, amesimama Mama Mboni.

Nikapiga kengele. Kengele ikasema, "Hodi."

Alinitazama mara moja tu. Kisha akanigeuzia mgongo, kama mkwe yeyote mwenye heshima zake. Mbuzi wake wakageuka. Kabichi zikageuka kwenye matuta. Msikiti ukageuka taratibu, na nyuma yake mlima mzima. Upepo akabaki anatazama peke yake, akaona haya, akavaa kofia na kwenda zake. Kilti ikashuka na baiskeli ikasimama, na safari hii nyumba hazikuanguka. Nikahesabu kwamba Mboni nimeshamkosa.

"Kijana," akasema Mama akiwa ametazama kule, "hiyo uliyovaa si sketi?"

"Ni sketi, Mama."

"Na unaendesha."

"Naendesha, Mama."

Akapepeta maharage mara moja. Kisha akaniambia kwamba marehemu baba yake Mboni alikuwa na baiskeli ndoa yao nzima, na kila yeye Mama alipoomba kuijaribu aliambiwa mwenye sketi haendeshi. Akaweka ungo chini, akaja kinyumenyume bila kugeuka, akakaa kwenye keria, mgongo wake kwa mgongo wangu, heshima imekamilika pande zote mbili. Akasema twende.

Tunaruka. Ananisimulia barabara inayokimbia, nami namsimulia inayokuja. Nikaona nikikawia nitajuta, nikamwomba Mama anipe Mboni pale pale. Akajibu nisimsumbue, anaendesha. Nikatazama vizuri. Kweli, mimi ndiye niliyekaa kwenye keria, nimeishika kilti yangu kwa mikono miwili, na yeye yuko mbele amesimama juu ya pedeli, kanga imefungwa kiunoni, anacheka kwa sauti ambayo mlima wote uligeuka tena kuisikiliza.

Kona ikatokea. Akaniuliza breki iko wapi. Nikamwambia ni hiyo ya mkono wa kulia. Akaibana yote, na sote wawili tukapaa juu ya usukani.

Niliangukia sakafuni, chumbani kwangu. Kabla sijainuka, simu ikalia. Alikuwa Mboni. Akasema mama yake ameamka kiuno kinamuuma na anacheka peke yake, na amesema wazee waje Jumamosi, maana kijana ameshamwona. Ila ametoa ujumbe ambao Mboni hauelewi.

"Anasema, 'Mwambie mkwe wangu baiskeli ina breki mbili, mbona alinitajia moja?'"

Mboni akauliza tangu lini nina baiskeli. Nikamwambia sina, ila leo naenda kununua moja, ya Mama.