Mtu wa Chuma Aliyerudishiwa Mkono

Mimi Asmahani binti Mwinyijuma, fundi cherehani wa Mabawa, sijui Kiingereza. Leo nasema bila haya. Mwaka ule wa hamsini na sita, mtu angethubutu kunitamkia hivyo ningemtimua barazani na mkasi mkononi.

Kitabu aliniletea kaka yangu Uweso, kuli wa bandarini. Alipewa na baharia, shukrani ya kubebewa sanduku. Vilikuwa vitabu vinane vya picha, vimeshonwa pamoja kwa uzi wa gunia vikawa kitabu kimoja kinene. Ndani mlikuwa na mtu wa chuma mtupu, kichwa kama sufuria, macho yanawaka taa. Siku hizi wajukuu wangu wangesema roboti. Sisi tulimwita Mtu wa Chuma, basi.

Mie nilisoma chuoni, msahafu nikauhitimu, kwa hiyo nilikifungua kitabu kile kama nilivyofundishwa kufungua kitabu, kutoka kulia. Picha nazo nikazifuata kutoka kulia kwenda kushoto. Kila Jumamosi baada ya alasiri wanawake wa mtaa walikuja na ukili wao, wakawa wanasuka huku nikiwasomea. Nilikuwa natazama picha na kutunga maneno, lakini nilikunja uso na kupeleka kidole kwenye mistari, na hapana aliyenishuku.

Hadithi ilianza pabaya. Mtu wa Chuma yuko jalalani, kalala juu ya mabati mabovu, mkono wa kushoto hana, macho yamezimika. Halafu wanakuja watu, wanamnyanyua, wanampakia kwenye gari, naye macho yanaanza kuwaka kidogo kidogo. Wanawake waliacha kusuka.

Mambo mengine hayakukaa sawa, sikatai. Nyumba ilianza majivu, ukurasa uliofuata ikawaka moto, wa tatu imesimama na mapazia yake. Jirani yangu Semeni, ambaye kazi yake duniani ilikuwa kupinga, hakuniacha nipumue.

"Shoga, huyu mzee si tumemzika juzi? Mbona leo anakunywa chai?"

"Huyo pacha wake."

"Na nyumba je?"

"Wee Semeni, ushafika Ulaya wewe? Wenzetu wana dawa za kila kitu."

Wiki nzima walibishana bombani juu ya yule pacha. Bibiana, mkewe Tadeo, alisema si pacha, ni mzimu. Semeni akasema mzimu haunywi chai. Mimi nilijiona malkia.

Bibiana alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, Mkatoliki kutoka milimani Usambara. Mumewe Tadeo alikuwa akifanya kazi shamba moja la mkonge njia ya Pongwe, kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani mpaka yabaki nyuzi. Mashine ikamla mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Tangu alipotoka hospitali alilala kaelekea ukutani, uji anaurudisha. Bibiana aliniletea mashati matatu ya mumewe niyakate mkono wa kushoto na kuupinda, maana ulikuwa unaning'inia na Tadeo hataki kuuona.

Sijayakata bado, Bibiana akamsimulia mumewe habari za Mtu wa Chuma. Jumamosi ya pili Tadeo akaja mwenyewe, akaketi kwenye ngazi, mbali kidogo na wanawake.

"Hodi, dada Asmahani. Nimesikia kuna mwenzangu hapa."

Jumamosi ya tatu Semeni akaona namba za pembeni mwa kurasa. "Thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini. Mbona zinateremka?"

"Wazungu huhesabu zilizobaki," nikamjibu. "Kama unavyohesabu wewe siku zilizobaki kufika Idi."

Wakacheka, wakaridhika. Mimi sikuridhika. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni mwangu, na namba nazijua, ndizo zinazonilisha. Walipoondoka nikakigeuza kitabu, nikakianza kutoka kushoto. Kila kitu kikaenda mahali pake. Mzee alikunywa chai, akafa, akazikwa. Nyumba ilisimama, ikaungua. Na Mtu wa Chuma alitoka karakanani mzima, anang'aa, akafanyishwa kazi, gurudumu likamng'oa mkono, na fundi aliyemuunda akampeleka jalalani kwa gari. Ndio ulikuwa mwisho.

Nikakifunga kitabu. Ningependa kuwaambia nilinyamaza kwa kumhurumia Tadeo, lakini huo nao ungekuwa uongo. Niliuogopa mdomo wa Semeni.

Nikaendelea kutoka kulia. Tulipofika kwenye gurudumu, mkono ukatoka katikati ya meno yake ukarudi begani, picha tatu tu. Tadeo alisimama pale kwenye ngazi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaja mpaka mbele, akautazama ule mkono karibu, na Bibiana akaanza kulia kwa furaha, maana mumewe alikuwa na siku nyingi hajatazama kitu chochote kwa makini. Mwisho wangu mimi ulikuwa fundi anamfuta Mtu wa Chuma kwa kitambaa, kazi imekwisha, hana hata mkwaruzo.

Jioni ile Tadeo alikula wali sahani nzima. Kesho yake akaja na maombi mawili. La kwanza, mashati nisiyakate.

"Yaache hivyo hivyo, dada. Nitakuja kuyavaa yote."

La pili, nimwandikie barua yule fundi. Kwenye jalada kulikuwa na anwani, alikuwa ameiona. "Huko kwao wanaunda mikono, kumbe. Muulize kama ataniundia mmoja. Mwambie kazi nitaijua tena, sitamtia aibu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Nikachukua kalamu. Alinitamkia maneno yake polepole, nami nikayaandika kwa Kiswahili chetu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kwa kuwa nyingine sina. Nikamwambia nitaigeuza Kiingereza kisha Uweso ataipeleka posta. Alipoondoka nikaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vibweta vya uzi.

Tadeo akapona, kama kungoja ni kupona. Alikata kuni kwa mkono mmoja, alimtania Bibiana, na kila meli ilipoingia alimngoja Uweso njiani amuulize kama kuna barua. Uweso, maskini, hakujua lolote, alimwambia Ulaya ni mbali.

Mwezi wa pili wa kungoja akaja Rafaeli, nyapara wa shambani. Nilikuwepo, nampima Bibiana gauni.

"Tadeo, langoni tunataka mtu. Kamba ile unaivuta kwa mkono mmoja. Na chumba kipo, mtahamia huko."

Bibiana alinishika mkono, furaha tupu. Tadeo akatikisa kichwa.

"Nikikaa langoni, nimekwisha kuwa mtu wa lango. Mimi nangoja jibu, bwana. Mkono wangu unakuja. Muulizeni dada Asmahani, ndiye aliyeandika."

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

Rafaeli alisema atangoja wiki mbili, akangoja tatu. Kisha lango akapewa mtu wa Mkwaja. Bibiana akaanza kuuza maandazi, na baadaye vyombo vyake vya arusi. Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi mitano.

Yudith, mdogo wake Bibiana, alikuwa anasomea ualimu misheni. Alikuja likizo, na Jumamosi akafuatana na dada yake barazani, mpole, na shikamoo kwa kila mtu. Wanawake wakataka nimsomee tokea jalalani. Nilisema naumwa kichwa. Semeni akakichukua kitabu mwenyewe akampa.

Yudith akakigeuza. Hakusema neno la kuniumbua, mtoto wa watu. Alianza tu kusoma kutoka kushoto, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, sauti safi. Mzee akafa na kuzikwa, nyumba ikaungua, na hapakuwa na pacha wala mzimu. Semeni alinitazama, akaweka ukili wake chini. Yudith alipofika kwenye gurudumu akamwona shemeji yake kwenye ngazi, akasita.

"Soma," Tadeo akasema.

Akasoma mpaka jalalani.

"Huo mwisho naujua," alisema Tadeo. "Huo hakuna haja ya kunisomea."

Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama usoni, alitazama shingoni.

"Dada Asmahani, futi hiyo unaisoma kila siku. Namba za kitabu ulizijua lini?"

"Jumamosi ya tatu."

"Na barua tuliiandika lini?"

Niliinuka nikaenda kwenye cherehani, nikafungua droo, nikamletea. Aliipokea, akaigeuza huku na huku, herufi asizozijua. Bibiana alikuwa analia, safari hii si kwa furaha. Nilipiga magoti pale barazani mbele ya mtaa mzima nikamwomba radhi. Tadeo akasema nisichafue nguo.

Asubuhi yake alikuja peke yake na mashati matatu. Walikuwa wanarudi milimani, gari lilikuwa la mchana.

"Kata," akasema. "Yote."

Nilimwambia nitampeleka Uweso kwa Rafaeli, huenda kuna kazi nyingine. Nilimwambia mengi. Yeye aliketi kwenye ngazi ile ile, akangoja. Nikachukua mkasi. Nilikata la kwanza, la pili, la tatu, nikapinda kila moja mara mbili lisifumuke, na mishono yangu ilikwenda upande kwa sababu sikuwa naona vizuri. Alivaa moja pale pale, likamkaa. Alitoa shilingi, nikakataa, akaiweka juu ya cherehani.

"Ahsante, fundi," akasema, kama mteja yeyote, akaenda zake.

Ile mikono mitatu ya mashati ninayo mpaka leo, kwenye droo ile ile. Kitabu nilimpa Semeni. Mikono sijaweza kumpa mtu.