Kijani cha Chini ya Ardhi

Mwanakhamis aliupekua mkoba tena, kana kwamba kitambaa kingeona haya kijitokeze. Wapi! Kipande cha mfano cha sare ya harusi ya mdogo wake Dalila kilikuwa kimepotea, na kontena la mizigo linafungwa jioni. Nusu ya mashangazi huko Unguja walikwishashona, nguo ikaisha dukani, naye Mwanakhamis akajitolea kuleta iliyobaki, akijitapa: "Guangzhou kukosekane kijani?"

"Chagua basi, dada," alisema Medard, mwanafunzi aliyemfuata soko la nguo la Shisanhang kumtafsiria. "Vijani humu ni vingi kuliko wakwe."

"Ngoja! Ule ukuta!"

Wiki iliyopita, akingoja treni, alikiweka kile kipande kwenye vigae vya kituo, vikalingana kama pacha. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa mpya, na kila kituo kilipewa rangi yake, hata asiyesoma Kichina ajue pa kushuka. Yeye alishuka penye kijani.

Wakamkokota mwenye duka, Bosi Liang, jora la kijani kwapani, ngazi ya umeme ikiwateremsha.

"Nyumba ya bibi yangu ilikuwa hapa juu, akiuza uji," Liang alisema, Medard akitafsiri. "Wakabomoa, wakachimba miaka. Kila nikishuka humu naona kama naingia uvunguni mwa kitanda chake."

Mwanakhamis hana masikio. Keshabandika nguo ukutani. Mlinzi akapuliza filimbi.

"Anauliza, huo ukuta unaolewa na nani?" Medard alimchokoza.

"Mwambie anyamaze! Ona, ndiyo yenyewe! Bosi akate!"

Liang hakukata. Muuza nguo haamini taa. Akatoka nayo nje. Kule juani, kijani cha embe bichi kikageuka kijani cha mlenda uliolala.

Mwanakhamis akashika kiuno. Kurudi kutafuta nyingine, muda haupo. Kurudi mikono mitupu, bora abaki China.

"Harusi saa ngapi?" Medard aliuliza.

"Alasiri."

"Na ukumbini taa gani?"

"Tyubulaiti." Akageuka, akazitazama taa nyeupe za kituo kule chini. Zile zile. Mbio hadi kibanda cha simu.

"Mama! Sherehe isogezwe, baada ya isha."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ila shangazi yeyote asionekane juani."

Mama akauliza: "Mwanakhamis, umenunua nguo au umenunua popo?"

Alimpungia Bosi Liang akate, lakini mkasi ulikwishaanza kulia.