Rimu ya Mbele Kushoto

Mimi sipendi kuharakishwa. Mwenye haraka aende kwa kinyozi. Nywele zikiharibika zitaota tena, rimu ikiharibika inaua. Ndivyo nilivyomwambia binti wa marehemu kaka yangu Jumatatu asubuhi, alipoteremsha rimu tano za chuma mlangoni kwangu, mwanawe kambeba mgongoni.

"Baba mdogo, Ijumaa nasafiri," akasema. "Nimepata kazi, nahamia huko huko na mtoto. Gari la baba limewaka, ila usukani unatetemeka."

"Lile kuukuu? Si mngewapa watu wa makumbusho?"

"Makumbusho wana la kwao. Hili ni langu."

Akacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu. Gari lile linanizidi umri, na miaka minane iliyopita kaka alikutwa amefia ndani yake, pua ya gari imezama mtaroni penye kona. Watu walisema ni moyo. Mimi nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Kupima rimu kunataka utulivu. Unaifunga kwenye stendi, unaizungusha kwa mkono, unasogeza chaki hadi ikaribie ukingo. Palipotokeza panajipaka chaki penyewe, na hapo ndipo unapopiga kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo, huku ukipima tena. Mwisho unaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa kinyundo. Nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Marehemu baba, aliyetufundisha kazi mimi na kaka, alituachia sheria moja: iliyopinda nyoosha, yenye ufa kata vipande viwili mbele ya mwenyewe, asije akamuuzia mjinga.

Nne zilipita. Ya tano, ya mbele kushoto, ilikuwa imepinda milimita nne. Nikaihangaikia hadi jioni, ikazunguka bila kugusa chaki. Nikaitundika, nikafunga mlango kwa kufuli, ufunguo shingoni, nikaenda zangu.

Jumanne nikaipima tena, mazoea tu. Milimita nne. Pale pale.

"Nani kaingia humu?" nikamfokea mlinzi wa duka la jirani.

"Fundi, mwizi gani anaingia, anapinda chuma chako, halafu anakuachia?"

Nikamgeuzia mgongo. Nikainyoosha upya. Jumatano asubuhi milimita nne. Nikainyoosha tena.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nikiizungusha rimu ile, kulia au kushoto, ilikuwa inasimama namna ile ile, muhuri wa kiwandani ukinitazama usoni. Nikasema upande mmoja ni mzito. Nikafunga kipande cha madini ya risasi upande wa pili, kusawazisha uzito. Ikaenda, ikasita, ikarudi polepole hadi muhuri ukanitazama.

"Acha basi!" nikaiambia. Kisha nikaona aibu, mtu mzima na mvi zangu, nagombana na chuma.

Alhamisi mchana nikainyoosha mara ya nne, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. Nikasema leo hatoki mtu hapa. Nikasogeza chaki karibu na ukingo, mkono nimeuegemeza kwenye stendi. Sikuigusa rimu. Ikaanza kuzunguka yenyewe. Hapakuwa na upepo, hata karatasi za kalenda ukutani zilitulia. Chaki ikaanza kukwaruza: kwaru, kimya, kwaru, kimya. Kila mzunguko alama ilirefuka. Wallahi nilitaka kukimbia, nikabaki nimekishikilia kigoda.

"Baba mdogo, imekubali?"

Ni yeye, mlangoni, na mtoto mgongoni amelala. Rimu ikasimama.

"Imekubali" ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeshukuru, angefunga nati, na kesho angeondoka na kitoto kile. Nilimtazama mtoto, mdomo wazi, mate yanamtiririka begani kwa mama yake. Nikachukua kinyundo. Zile nne nilizigonga zote tangu Jumatatu. Hii niliiruka kila siku, na nilijua kwa nini. Nikaining'iniza, nikaigonga. Ikatoa sauti ya chungu kilichopasuka.

"Mbona hii hailii?" akauliza.

"Ina ufa. Naujua, maana niliuficha mimi."

Nikamweleza. Kaka alikuwa anakwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, anataka rimu zote tano ziwe na muhuri mmoja. Hii nikaikuta na ufa karibu na tundu la bolti. Nilishashika grenda niikate, akanisihi. Kaka mkubwa, aliyenilea, ananisihi mimi! Nikauchomelea, nikapaka rangi, nikampa. Kesho yake tukamkuta mtaroni. Rimu sikuikagua. Waliposema ni moyo, nilishukuru, Mungu anisamehe.

Hakulia. Alimtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani.

"Kata," akasema.

Nikakata mbele yake. Chini ya rangi, mshono wangu ulikuwa umeachia wote, na kutu imeingia hadi ndani, kutu ya miaka mingi. Vipande viwili vikaanguka sakafuni, vikatulia kama chuma chochote.

"Mama anaamini ni yeye aliyemuua baba," akasema. "Asubuhi ile waligombana. Anasema alimpandisha presha, ndiyo moyo ukasimama. Miaka minane, baba mdogo! Twende ukamwambie kwa mdomo wako."

Shemeji alikuwa sebuleni anakunja nguo. "Leo umepotea njia?" akanitania. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kabla ujasiri haujaniishia. Mikono yake ikasimama juu ya shuka.

"Yeye alijua kama ina ufa?"

"Alijua, shemeji."

Akakaa chini taratibu.

"Nilishavaa siku ile," akasema. "Mimi na huyu binti tulitaka kwenda naye. Akakataa. Gari tupu, ananiambia halina nafasi! Nikamuuliza ni mwanamke gani anayemwekea kiti. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake."

"Mimi ndiye niliyemwapisha asimpakie mtu, kwa sababu ya ufa ule," nikasema.

Nilingoja anifukuze, na ningekwenda. Badala yake alimgeukia binti yake, akamshika mkono, akaanza kulia kwa sauti.

"Sijawahi kukanyaga kaburini kwake," akasema. "Hata siku moja. Nilikuwa na hasira naye."

Akainuka, akatafuta viatu vyake chini ya kochi huku machozi yanamdondoka.

"Nipelekeni sasa hivi," akasema. "Na wewe shemeji utatangulia, unionyeshe lilipo."