Kamera Begani kwa Nanzala

Ukiuliza mjini Eldoret habari za Mzee Murunga, wengi watakukazia macho tu. Lakini sema "Pumua," uone wazee watakavyocheka na kukuonyesha mahali studio yake ilipokuwa, juu ya duka la mbegu. Jina hilo alilipata kihalali. Ukiingia pale kupigwa picha, Murunga alikuamuru ushike pumzi, naye akashika yake, viwiko amevibana mbavuni, mguu mmoja mbele. Kamera ikishalia ndipo anakwambia, "Haya, pumua." Kuna watoto waliotoka mle macho yamewatoka pima. Lakini picha sasa! Ilitulia tuli, mpaka nyuzi za sweta unaziona.

"Mkono ukicheza, kazi imekwenda," alizoea kusema. Wala hakuwa akijigamba bure. Siku hizo hukuona ulichopiga mpaka filamu ioshwe, na wakati huo bwana harusi ameshapanda gari na bibi yake, huwezi kumwambia arudi avae tena.

Kwa hiyo mafundi wa ng'ambo walipoanza kutengeneza kamera za kumtuliza mtu mkono, Murunga alizifuatilia habari zao kwa hamu kama mtu mwenye ndugu kule. Kwanza alisikia kuna lenzi yenye kioo kidogo ndani, mkono ukiteleza kushoto chenyewe kinakwenda kulia. Baadaye akaambiwa si lenzi peke yake, sasa hata kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga kinacheza chenyewe na kuua mtikisiko. Akasema haya, ya Mungu mengi. Halafu vijana wakaanza kukimbia na simu mkononi, wakiwapiga vidio wanariadha mazoezini kwenye barabara za vumbi, na vidio inatoka laini utadhani aliyeipiga amekaa kitini. Studio ilikuwa imeshafungwa kitambo, lakini mzee hakuwa na kinyongo.

"Tungekuwa na hivi vitu zamani," alimwambia mkewe siku moja, "hata wewe ungeitwa mpiga vidio."

Nanzala alifyonya, akaendelea kuchambua mboga yake.

Utani huo ulikuwa na chanzo. Desemba ya mwaka tisini na sita walitoka nyumba ya kupanga Langas wakahamia shamba lao wenyewe kule Kapseret. Shamba lenyewe dogo, lakini lao! Murunga alikuwa amenunua kamera ya vidio ya kaseti, ile kubwa ya kuwekwa begani, na alitaka siku hiyo isipotee. Ila alitaka pia aonekane ndani yake, mwenye shamba amevaa koti anazunguka mipaka yake. Sasa nani atashika kamera? Nanzala akabebeshwa. Akafundishwa sheria ya kwanza ya kazi, kwamba jua likae mgongoni kwa anayepiga. "Halafu unifuate polepole," Murunga akamwambia, "na usitikise."

Usitikise, jamani! Nanzala aliugua polio akiwa mtoto, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, na mumewe anamwambia asitikise. Alimfuata shamba zima, toka lango mpaka mtoni na kurudi, na kila alipokanyaga kwa mguu ule picha ilizama, kisha ikaibuka, ikazama tena. Kila Krismasi waliiweka kaseti ile, na kila Krismasi Murunga alisema hiyo si vidio, ni safari ya trekta.

"Si wewe uliniambia nikufuate?" Nanzala alimjibu mwaka baada ya mwaka, bila kuinua macho. "Nilikufuata."

Na watoto wanacheka. Siku moja mashine ya kuchezea kaseti ikafa, kaseti ikatiwa ndani ya sanduku, na utani ukabaki peke yake.

Nanzala alifariki mwaka jana. Sitaki kukaa sana hapo. Mzee alikonda, akawa anapika chai ya watu wawili na kumwaga kikombe kimoja. Misa ya kumbukumbu ya mwaka ilipokaribia, bintiye Brigid akatafuta picha za mama yake, na ndipo walipogundua jambo ambalo nyumba nzima ya mpiga picha haikuwa imeliona. Katika picha zote Nanzala amekaa. Kwenye kiti, kwenye nyasi, kwenye ngazi ya kanisa, amekaa tu. "Nipige nikiwa nimekaa," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa sababu ya mguu, na Murunga alimpiga akiwa amekaa miaka yote ile. Hakuna hata mahali pamoja alipoonekana akitembea.

"Basi tuonyeshe ile kaseti ya shamba," Brigid akasema. "Hayuko ndani, lakini mkono ni wake."

Wakaipeleka mjini kwa Sumeya. Huyu ni binti wa Ali, yule aliyekuwa akikodisha kaseti za sinema zamani, na mashine ya baba yake bado iko, anaitumia kuhamishia kaseti za watu kwenye kompyuta. Sumeya aliitazama, akatikisa kichwa. Kaseti ilikuwa imeota kuvu. Alisema anaweza kuicheza mara moja tu, ya pili asiulizwe. Na kweli, ilipofika mwisho utepe ulikatika na kujisokota humo humo. Lakini picha yote ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Sauti ndiyo haikuwepo tena, ni mvumo tu.

"Mzee, inaruka ruka sana," Sumeya akasema. "Iko programu ya kuituliza. Nikuwekee?"

Murunga akafurahi kama mtoto. Hatimaye! Hatimaye ile safari ya trekta itapata lami. "Itulize kabisa," akasema. "Na hiyo ya kutikisika ufute, nisije nikachekwa na wageni."

Mdomo huo! Yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya misa, Brigid aliiweka vidio kwenye televisheni ya sebuleni. Murunga akavuta kiti karibu. Akajiona kijana, koti limemkaa, anaonyesha mpaka kwa kidole. Picha ilikwenda laini, haina mshtuko wowote. Ikapita ng'ombe, ikapita ua wa miti michanga, ikateremka mtoni kama inayoelea. Brigid akapiga makofi.

"Imekuwa sinema kabisa, Baba!"

Mzee alikuwa anangoja kitu. Kichwa chake kilikuwa kikiinama kidogo na kuinuka, kikiinama na kuinuka, kwa mpigo wa zamani, na picha haikwenda naye.

"Mama yako yuko wapi?" akauliza.

"Baba, si Mama ndiye alishika kamera?"

"Aliyeshika hii ni nani? Huyu anatembea miguu sawa." Akainuka kitini. "Brigid, nimemfuta mama yako. Ule mguu ndio tu nilikuwa nimebaki nao, na nimeuambia utoke."

Alimpigia Sumeya, simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Hapo hakungoja bintiye aseme kitu, alitoka na kofia mkononi akapanda bodaboda hadi mjini, na njia nzima, kila tairi lilipoingia shimoni, moyo ulimuuma. Majuto ni mjukuu, husema watu, lakini huyu wa Murunga alikuwa amezaliwa mkubwa tayari.

Duka lilikuwa limefungwa. Jirani akamwambia watu wameenda swala, angoje. Akakaa kwenye ngazi. Mawazoni alimwona Nanzala akivuka ua na ndoo, bega la kushoto likishuka. Alijaribu kumshika hapo hapo kichwani, na akatambua kwa hofu kwamba hana hakika tena bega lilishuka kiasi gani. Mwaka mmoja tu, na tayari ameanza kuteleza. Mzee wa watu alilia pale pale kwenye ngazi, mchana kweupe, wapita njia wakipita.

Sumeya alipotokea na kumkuta vile, alishtuka. "Mzee Murunga! Kuna nini? Hata mimi nilikuwa nakutafuta."

"Ile ya kwanza, mama. Ile ya kutikisika. Umefuta?"

"Si uliniambia nifute?"

"Nilikuambia."

Sumeya akafungua kufuli taratibu. "Nilikuwa karibu kufuta," akasema. "Halafu nikaona mtu. Nikasema hapana, siwezi kufuta mtu kabla sijamuuliza Mzee ni nani."

"Mtu gani? Ndani mna mimi, watoto na ng'ombe."

"Ingia uone."

Akamkalisha mbele ya kompyuta. Akamweleza kwamba programu ikituliza picha lazima ikate kando zake, juu, chini, kulia na kushoto, ili ipate nafasi ya kuisogeza. Tena zile televisheni za zamani za kisogo kikubwa nazo zilikuwa zikificha kando za picha, mwenye nyumba asijue. "Ndiyo maana hujawahi kumwona," akasema. "Hapa ndiyo picha nzima."

Picha ikaanza kwenda, ikazama, ikaibuka. Murunga akashika ukingo wa meza. Ndiyo yenyewe. Na chini kabisa, mahali ambapo televisheni yao haikuwahi kufika, kivuli kilikuwa kimelala juu ya nyasi.

Jua lilikuwa mgongoni kwake, kama alivyofundishwa. Lilikuwa limemlaza mbele yake mzima mzima, kitambaa cha kichwa, gauni, na nundu ya kamera begani. Kivuli kikapiga hatua. Bega la kushoto likashuka, picha ikazama. Bega likapanda, picha ikaibuka. Alikuwa anatembea, Nanzala, anakata shamba kwa mwendo wake ule ule, haoni haya wala hajui kama anaonekana. Na kule mbele alikwenda mwanamume wa koti, kifua mbele, akionyesha mipaka, hageuki nyuma hata kidogo, na kichwa cha kivuli kinamgusa visigino njia nzima hadi mtoni.

Nilikufuata.

"Mzee," Sumeya akasema kwa wasiwasi, "pumua."

Naye hakujua hata kidogo kwamba hilo ndilo lililokuwa jina la mzee.

Kesho yake, baada ya misa, waliwasha televisheni kubwa ndani ya hema pale pale Kapseret, hatua chache kutoka kaburini. Picha ikaanza kuruka ruka, na wageni wakaanza kunong'ona. Lawrence, mpwa wa Murunga anayeuza simu kule Kesses, akavumilia kidogo, kisha akamwinamia.

"Mjomba, hii kitu inatikisika, watu wataona kizunguzungu. Siku hizi kuna namna ya kuituliza, ni dakika mbili tu. Nikufanyie?"

Mstari wa mbele, Emmaculate, dada yake Nanzala, alikuwa ameshasimama bila kuambiwa na mtu, mkono mdomoni, anakifuata kile kivuli kwa macho.

"Ninaijua hiyo namna," Murunga akasema. "Acha atembee."