Vidonge vya Kitanda cha Dirishani

Kila neno hapa ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata chembe moja, meno yangu yang'oke yote, pamoja na yale ya bandia.

Katika wodi ile ya wanaume kulikuwa na kitanda kimoja tu cha dirishani. Wengine wote walitazama ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa na rangi ya uji uliopoa. Basi wazee wakajiwekea utaratibu wao bila kumshirikisha daktari: kila jioni wanashindana kusimulia, na atakayewavunja mbavu zaidi analala dirishani. Asubuhi, kabla toroli la dawa halijaingia, kila mtu anarudi kitandani kwake kimyakimya, kama watoto waliosikia baba yao anakohoa mlangoni.

Mwenye dirisha kwa haki alikuwa Seremala, mzee mpole aliyelazwa kwa miguu iliyojaa maji. Lakini aliyelala hapo karibu kila siku ni dereva mstaafu wa basi, mgonjwa wa sukari, ambaye kwa ukubwa wa sauti walimwita Mzee Honi. Kwake uongo ulikuwa kama pumzi. Safari hii alishinda kwa kisa cha tairi lililopasuka mlimani: alivua mkanda wa suruali akalifunga nao, abiria wakafika salama, yeye akafika suruali mkononi.

Asubuhi upepo ulikuwa mtamu, na Honi akaona kurudi ukutani ni kujidhulumu.

"Honi, toka bwana, toroli hilo!" Seremala alimnong'oneza.

"Tulia kwanza, ndugu yangu. Namwangalia yule mama anavyoegesha gari. Geti ameshaligonga, sasa anautafuta ukuta."

Nesi aliyeingia alikuwa mgeni kabisa wodini. Akasoma namba za vitanda zilizoandikwa ukutani, akagawa.

"Baba wa dirishani, dawa yako hii."

Honi akaona vidonge si vyake. Kusema ni kupoteza dirisha. "Wamebadilisha tu rangi," akajisemea, akameza. Seremala naye, aliyekuwa bado kwenye kitanda cha Honi na ambaye asubuhi ile hakutia hata kijiko cha uji mdomoni, akapewa vya Honi, akavimeza kwa adabu zote.

Haukupita muda Honi akaanza safari. Akienda msalani akirudi, hata hajakaa anageuka.

"Honi, leo umepewa ruti mpya?" mgonjwa mmoja akamtania. "Mbona unashusha tu, hupakii?"

Alicheka pamoja nao, mpaka alipomtupia jicho Seremala. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, mikono inatetemeka, anapapasa shuka.

"Nipe randa, mwanangu," alikuwa anamwambia nesi. "Hii meza haijanyooka."

Hapo hakucheka mtu. Honi aliijua hali ile. Ilishamkuta mwenyewe alipowahi kumeza dawa ya sukari bila kula.

Daktari akaja mbio, akapima presha, akagusa paji la uso, akakunja uso.

"Mpime sukari, daktari!" Honi akapaza sauti. "Amekunywa dawa yangu!"

"Baba," nesi akasema, "si wewe uliyeniambia asubuhi hii kwamba kile kiti cha magurudumu uliwahi kukiendesha mpaka nchi jirani?"

"Ule ulikuwa uongo, mwanangu. Huu ni ukweli!"

"Tutaujuaje?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Hatujawahi kuuona."

Na hapo hapo kibofu kikamwita. Honi akang'ang'ania chuma cha kitanda. Akiondoka, watasema mwongo kakimbia.

"Tulibadilishana vitanda! Niliyekataa kutoka ni mimi! Vidonge vyake vya kutoa maji viko humu tumboni. Mnadhani huko msalani nakwenda kutalii? Mchome kidole, daktari. Siondoki mpaka umchome!"

Magoti ameyabana, anaruka mguu huu na huu kama aliyekanyaga makaa. Daktari akamtazama, akaacha kubishana. Akamchoma Seremala kidole. Kipimo kikaonyesha sukari imeanguka vibaya.

"Glukosi! Haraka!"

Glukosi ikaingia mshipani. Na palepale, mikono ikiwa bado kwenye chuma, kibofu cha Honi kikakata tamaa.

Baadaye kidogo Seremala akafumbua macho vizuri, akatazama sakafu.

"Honi," akauliza polepole, "bomba limepasuka?"

Wodi ikaangua kicheko, isipokuwa nesi.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nimesoma namba, sikumuuliza mtu jina. Kuanzia leo hanywi mtu dawa kabla hajanitajia jina lake na ugonjwa wake. Kosa la pili ni lako, baba."

Akampima Honi sukari na presha, akamnywesha maji, na alipohakikisha mzee yuko imara, akamkabidhi ndoo na dekio. Kitanda cha dirishani kikarudi kwa mwenyewe, moja kwa moja.

Mchana binti yake Honi akaja kumwona, akasimama mlangoni mdomo wazi.

"Baba! Unadeki?"

"Mwanangu, acha tu. Paa la hospitali hii linavuja. Nilipoona wenzangu wanaanza kuelea na vitanda vyao, nikasema siwezi kukaa..."

"Honi!" Seremala akaita kutoka dirishani.

Wodi nzima ikamgeukia. Honi akakamua dekio.

"Ni mkojo wangu," akasema, akainama kuendelea kudeki.