Masale ya Hilda

Jumatatu moja baada ya Pasaka, saa moja na nusu asubuhi, Hilda alitoka nyumbani kwake Kirua Vunjo akiwa na mundu na kamba, aende kumkatia ng'ombe majani, akakuta njia haipo. Pale ilipokuwa jana yake, kati ya choo na mgomba wa kwanza, yalikuwa yamesimama masale, yameshikana bega kwa bega, urefu wa mtu mzima. Akazunguka kihamba chote, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Masale yalikuwa yameshazunguka kabla yake. Akarudi pale njiani, akafyeka matatu, akainama kuyaondoa. Alipoinuka yalikuwa matatu tena, na la katikati lilikuwa limenenepa.

Hilda aliona ng'ombe hawezi kusubiri mambo hayo yaishe. Akamkatia migomba, akakaa kumenya ndizi za mchana.

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kazi yake huko mlimani inajulikana. Ukimkosea mtu, unachuma isale, unampelekea kwa mikono miwili, naye hana ruhusa ya kukataa. Hata kama umemchomea ghala, akishaliona anapokea, na yamekwisha. Jovin, mwanawe wa mwisho, mwenye miaka thelathini na sita, aliyewahi kuwa mpagazi wa kubeba mizigo ya watalii mpaka kambi ya mwisho, alikuwa amemletea mama yake masale arobaini. La kwanza lilikuwa la redio. La tisa, mbuzi. La ishirini na mbili, gunia la kahawa lililokuwa linasubiri mnada. La arobaini lilikuwa la mabati yaliyofunika kaburi la baba yake. Vyote vilikuwa vimevuka barabara kwenda kwa Eunike, ambaye kilabu chake cha gongo kiko hatua thelathini kutoka hapo, na watu wamezihesabu wakienda. Wakirudi huwa hazihesabiki.

Isale la msamaha halitupwi jalalani. Wenzake Hilda huliacha likauke darini. Yeye, kwa kuwa Jovin mikono ilimtetemeka na kila mara aling'oa jani pamoja na kishina chake, alikuwa anayachomeka pembezoni mwa kihamba, apunguze gharama ya uzio. Isale halichagui udongo. Kosa lake lilikuwa hilo.

Majirani walipita katikati ya masale bila shida yoyote, hata mwenye kikapu kichwani. Jovin alipokwenda saa tatu kutafuta kinywaji cha asubuhi, masale yalimrudisha ndani kwa upole, kama askari wa benki. Akajaribu upande wa mfereji, akarudishwa. Ikawa wazi kwamba uzio ulikuwa na shauri na watu wawili tu, mwombaji wa msamaha na mtoaji.

Mtendaji wa kijiji alikuja na futi, akapima, akaandika kwamba uzio hauna kibali, akafunga nakala ya barua kwenye isale la pembeni. Baada yake alikuja Primus, mdogo wake marehemu mume wa Hilda, karani mstaafu wa kupima kahawa kwenye chama cha ushirika. Yeye hakupima. Aliyashika majani kwa vidole viwili.

"Shemeji, hii si miti. Huu ni msamaha wako. Umesamehe mpaka umeziba njia."

"Sasa unafunguliwaje?"

"Kataa moja. Siku akikuletea isale, likatae."

"Likatae wewe! Mimi hapa Kirua nitaitwa nani?"

"Utaitwa mama aliyekataa isale," Primus akasema. "Hakuna hata mbege kidogo humu ndani?"

"Mwaka wa tatu hakuna mbege wala pombe nyingine humu ndani."

"Basi maji, aika," akashukuru kwa Kichaga.

Jumanne Jovin alianza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinatembea. Binti wa Hilda, Gladness, fundi cherehani wa Himo, alikuja na tabibu wa zahanati. Tabibu alimbonyeza Jovin chini ya mbavu, akamwita Gladness kando ya zizi.

"Ini limechoka. Akiendelea na gongo, kahawa ya mwakani tutaivuna bila yeye."

"Si ndiyo vizuri amefungiwa?"

"Akiachishwa ghafla namna hii, degedege litamuua kabla ya Jumapili. Anahitaji mahali penye dawa na mtu wa kumwangalia. Mkatafute. Kwa sasa mpe gongo kijiko kimoja kila saa mbili."

Kwa hiyo Gladness alivuka barabara akanunua gongo kwa Eunike, nusu lita, kwa ajili ya kumwachisha ndugu yake gongo. Eunike alimpimia vizuri na hakumzidishia bei.

Jumatano Gladness alishuka mjini Moshi. Katika kliniki moja nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anatumia nini?"

"Gongo."

"Ah! Angekuwa anatumia unga, tungempa kikombe cha dawa kila asubuhi, bure."

"Sasa dada, nirudi nikamfundishe unga?"

"Sijasema hivyo, mpenzi."

Kwenye ofisi ya bima, kijana wa dirishani aliigeuza kadi mara mbili. Alisema kwenye fomu kuna kisanduku cha ini, cha gongo hakuna. Ini likishaharibika kabisa wamlete, litalipiwa. Gladness alimwuliza kama kuna mahali pa kuweka sahihi ili liharibike haraka. Kijana akasema hapo ni dirisha la nne.

Saa tisa alifika kwa Abdulsalam, mwenye soba hausi, nyumba ya wanaoachishwa ulevi, mtu aliyeacha unga miaka kumi na moja iliyopita na ambaye hadi leo hawezi kukaa bila kupangusa kitu. Alikuwa anapangusa meza.

"Kitanda kipo kimoja, dada yangu. Nakushikia mpaka Ijumaa saa sita mchana. Kuna familia ya Mabogini imeshapiga simu mara mbili."

"Ni kiasi gani?"

Abdulsalam alitaja. Gladness akakaa.

"Na ni miezi mitatu," Abdulsalam akaongeza. "Chini ya hapo unamnunulia usingizi tu."

"Nikiuza cherehani yangu napata ya mwezi mmoja."

"Leta hiyo tuanze. Ila sikudanganyi. Mwenye nyumba hii hajui kungoja, na daktari analipwa kila akikanyaga hapa. Halafu aje na godoro lake, na aje kwa miguu yake. Aliyeletwa na kamba simpokei. Akili yake hubaki kwenye kamba."

Alhamisi cherehani iliuzwa.

Ijumaa saa nne Noah ya kukodi ilisimama nje ya uzio, godoro limefungwa juu. Primus alikuwepo, na Eunike alikuwa mlangoni kwake na ufagio. Jovin, ambaye tangu alfajiri alikuwa amepewa vijiko viwili tu, alichuma isale kutoka kwenye uzio wenyewe, la arobaini na moja, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, hili ni la kweli. Yale mengine nilikuwa natafuta pa kulala."

"Najua, mwanangu," Hilda akasema. Alimtazama usoni, akaona kwamba ni la kweli. Akaiingiza mikono yote miwili ndani ya kitenge. "Silipokei."

Primus alivua kofia. Masale mawili yalisogea, moja huku, moja kule, nafasi ya mtu mmoja asiyenenepa.

Jovin akasimama katika ile nafasi. Mbele yake palikuwa na gari, kushoto palikuwa na benchi za Eunike. Alizitazama benchi muda mrefu kiasi kwamba dereva alizima injini kuokoa mafuta. Kisha akaingia garini, Gladness akafunga mlango kwa nguvu, na masale nyuma yao yakarudi mahali pake, Hilda akiwa ndani.

Mwezi ule mambo yalikwenda. Jumuiya ilikuja kusali kwa Hilda, na Ijumaa padri akamletea komunyo. Habari za Jovin zilifika kwa simu. Anakula. Degedege limepita. Amepewa zamu ya jikoni, na anawapigia kelele wanaopoteza chumvi. Gladness alishona kwa mkono pindo za sare za shule usiku na mchana, akapata theluthi ya mwezi wa pili. Akawazungukia ndugu. Kila ndugu alikumbuka jambo lake. Harusi ya binamu yao, pale Himo, ndugu hao hao walikuwa wameichangia kwa wiki mbili, ukumbi ukapatikana na keki ya ngazi tano. Lakini mlevi hana kadi ya mchango, wala kamati, wala sare.

Siku ya thelathini na moja, saa kumi jioni, Abdulsalam alimrudisha Jovin mwenyewe. Jovin alikuwa amejaa mashavu. Abdulsalam alishusha godoro, akalipangusa, akasimama nje ya uzio.

"Shikamoo mama. Nimemweka siku moja zaidi kwa mfuko wangu. Kitanda amekichukua yule kijana wa Mabogini. Baba yake ameuza jaruba la mpunga."

"Marahaba, baba. Hukukosea kitu."

"Mama, ningekuwa na uwezo..."

"Nenda, baba, giza lisikukute barabarani."

Jovin alitaka kupita aingie kwao. Masale hayakumpitisha. Akachuma isale, akalinyoosha. Hilda akalipokea kwa mikono miwili kutoka upande wa ndani, akasema kwa sauti nimelipokea, nimelipokea kabisa, akalichomeka ardhini. Likashika palepale. Hakuna lililosogea.

Primus aliitwa. Alitazama, akakuna shingo. "Kahawa iliyokataliwa kwenye mizani," alisema, "hata ukiirudisha kesho imekauka vizuri, imeshaandikwa kwamba imekataliwa." Gladness, aliyekuwa amepanda kumpokea ndugu yake, alisema amchukue Himo, akakumbuka chumba chake kiko kati ya baa mbili na dirisha halifungi. Primus alisema kwake pana kitanda, na pia pana pipa, kwa kuwa Jumamosi ana wageni wa mbege. Kwa hiyo Gladness alilitandika godoro nje, likiegemea masale, akateremka Himo kutafuta theluthi mbili zilizobaki.

Jua lilipokuwa linashuka, Hilda alileta kigoda na rozari, akakaa upande wake wa uzio, mgongo wake ukielekeana na mgongo wa Jovin, majani katikati. Kila alipomaliza punje kumi aliita.

"Jovin, upo?"

"Nipo, mama."

Wateja wa Eunike walianza kuwasili. Walimsalimia Jovin kwa heshima, wakamwambia amependeza. Eunike, ambaye si mtu mbaya, alitoka na benchi, akaiweka upande wake wa barabara, karibu kabisa na lami.

"Jovin, mdogo wangu, njoo ukae hapa. Huko chini umande utakuumiza. Si lazima unywe."

"Ahsante, dada."

"Benchi ni benchi tu, jamani."

Hilda alisikia godoro likikwaruza majani. Alikuwa kwenye punje ya tatu.

"Jovin," aliita. "Upo?"